Mbao Mpaka Darini

Siku ya tatu baada ya kumzika shemeji yangu Mathias, tukiwa tumebaki wanawake peke yetu kwenye banda la kupikia nyuma ya nyumba ya dada yangu Felista pale Ushirombo, binti yao Koleta alinisogezea simu yake nitazame picha ya chumba. Anajenga Kahama, upande wa kuelekea Buzwagi, na amekusudia chumba kimoja kiwe cha wageni, kiwe ofisi yake, na kiwe pa kulala wajukuu wakija likizo. Alinionyesha kitanda kinachokunjwa na kusimama ukutani kama mlango wa kabati, na meza inayotokeza kitanda kikishainuliwa. "Mama mdogo, nishauri," alisema. "Mama ameniambia kile chumba chetu cha wageni cha zamani, kilichosifiwa na kila aliyelala humo, ulikibuni wewe." Nilikuwa na kipande cha nyama mdomoni. Nilikitafuna, nikakitafuna tena, kikakataa kushuka. Nikatoka, nikakitema kwenye majivu nyuma ya banda. Niliporudi Felista alikuwa anapepeta mchele na hakuinua uso. Koleta akaniuliza kama ni tumbo. Nikamwambia ndiyo, ni tumbo.

Sisi watu wazima tuna mambo mengi tunayoyaita tumbo. Nimefundisha maarifa ya nyumbani kwa miaka thelathini na mmoja. Nimewafundisha wasichana kupanga jiko, kupanga stoo, kutandika kitanda cha mgonjwa bila kumwinua mgonjwa. Lakini kila mwaka tulipofika kwenye mada ya chumba cha wageni niliwaambia wasome wenyewe kitabuni, nami nikarukia mada ya kufua. Hakuna aliyewahi kuniuliza sababu. Sababu ni mwaka mmoja, katikati ya miaka ya sabini, nilipokuwa na umri wa miaka kumi na tisa na kujiona nina akili.

Nilikuwa nimemaliza mafunzo ya kazi za nyumbani kwa masista, nasubiri kuitwa chuo cha ualimu, na kungoja huko nilikufanyia nyumbani kwa Felista. Mathias alikuwa msimamizi wa ghala la pamba. Nyumba yao ilikuwa ya matofali ya kuchoma na bati, na siku hizo nyumba kama hiyo ilihesabika. Ushirombo haikuwa na gesti ya maana. Mtumishi akitumwa kutoka Shinyanga kuja kukagua kazi alilala kwa mtu, na mtu huyo alikumbukwa. Mathias alitaka kukumbukwa. Alitamani kuhamishiwa Shinyanga mjini, kwenye meza yenye simu, na alikuwa ameshang'amua kuwa njia ya kufika huko inapita kitandani na mezani kwake. Alilisema waziwazi wakati wa kula, akinyonya uboho, mafuta yakimchuruzika hadi kwenye kifundo cha mkono: "Mkubwa hasahau shuka alilolalia." Felista alicheka. Na mimi nilicheka, maana nilikuwa nakula nyama yake.

Chumba cha kazi hiyo kilikuwepo mwisho wa nyumba, urefu futi kumi na sita, upana kumi. Kilikuwa na dirisha kubwa la barabarani, dirisha dogo la uani, mlango wa kutokea uani na mlango mwingine wa kuingilia sebuleni. Felista alishonea humo. Humo pia zilikaa karanga kwenye magunia, baiskeli isiyo na mnyororo, na ngozi mbili za mbuzi ambazo hazikuwa zimekauka vizuri. Na tangu kiangazi kilipoanza, kwenye mkeka kando ya magunia, alilala mama mzazi wa Mathias.

Jina lake lilikuwa Nyamizi, lakini nyumba nzima tulimwita Mayu, kama Wasukuma wanavyomwita mama. Aliletwa kutoka Samuye kwa lori la pamba akiwa na kidonda kwenye mguu wa kushoto, juu kidogo ya kifundo, kidonda kilichokuwa kimekataa kupona. Walimsafisha zahanati ya misheni mara mbili kwa wiki, na sista mmoja alinifundisha kumsafisha siku zilizobaki. Sitaficha neno: kidonda kile kilinitia kinyaa. Kilikuwa kikubwa kama kiganja, kingo zimeinuka kama mdomo wa chungu, na harufu yake ilikuwa tamu, harufu ya nyama iliyolala. Nilinawa kwa sabuni, nikanawa kwa majivu, nikajisugua kwa ndimu, bado nilikuwa nayo. Nilianza kula kwa kijiko, mimi niliyekula kwa mkono tangu utoto, ili vidole vyangu visifike karibu na pua. Mayu alijua. Kila nilipofungua bandeji aligeukia ukutani, akanisimulia habari za ng'ombe wa baba yake, mmoja mmoja kwa rangi na pembe zake, hadi nilipomaliza kufunga. Kisha alisema, "Wabeja, mwanangu," yaani asante, na kunigusa kichwani kwa mkono uliokuwa mkavu na safi kuliko wangu.

Walinipa kazi ya chumba siku moja ya Jumapili baada ya misa. "Leokadia, wewe umesomea mambo haya," dada aliniambia. "Tutengenezee." Mathias aliweka masharti: kiwe cha wageni, Felista asikose pa kushonea, na Mama apate pa kulala kwa sababu nyumba haina chumba kingine. Nilichukua karatasi ya miraba kutoka kwenye daftari la hesabu na kuchora siku tatu. Nilichora ukuta wa mbao wa kukigawa chumba, theluthi mbili mbele na theluthi moja nyuma, usiozidi kimo cha mtu, ili hewa ya dirisha la barabarani ikutane juu na hewa ya dirisha la uani. Katikati ya ukuta nikaweka mlango. Upande wa mbele kitanda cha mninga chenye droo chini ya chaga kwa ajili ya shuka na vitambaa vya Felista, na sanduku la cherehani ambalo kifuniko chake, kikishushwa, kinakuwa meza ya mgeni. Upande wa nyuma kitanda kifupi cha Mayu asichohitaji kukipanda, kigoda cha beseni, na mlango wa uani hatua mbili kutoka kitandani. Siku zisizo na mgeni, mlango wa katikati ungeachwa wazi na Mayu angekaa mbele, dirishani, akitazama barabara huku Felista akishona. Kilikuwa chumba kizuri. Nasema hivyo hata leo. Kwenye karatasi kilikuwa chumba kizuri.

Fundi aliitwa Masanja, mtu mrefu aliyechomeka penseli kwenye nywele na kuzungumza na mbao zake kama watu wanavyozungumza na punda. Alikuwa amefikisha ukuta kimo nilichochora, amesimamisha na miimo ya mlango, wakati Mathias aliporudi kutoka ghalani na kusimama upande wa mbele. Mayu alikuwa nyuma ya mbao, amelala. Mathias alivuta pumzi kwa pua mara mbili.

"Pandisha mbao mpaka darini," alisema.

Masanja alitoa misumari mdomoni. "Hewa itapita wapi, bwana?"

"Si ana dirisha?"

"Lile ni tundu la kuku. Na mlango huu?"

"Uzibe. Weka kabati hapo." Kisha akashusha sauti, kwa sababu mama yake alikuwa futi nne kutoka alipo. "Mgeni asijue kama kuna upande wa pili."

Masanja alinigeukia mimi. "Binti, mchoro ni wako. Unasemaje?"

Nimeirudia dakika hiyo mara nyingi kuliko sala yoyote. Ningeweza kusema hapana. Mathias alikuwa mtu wa kusikia neno la ufundi. Ningemwambia mbao zitaota ukungu, ningemwambia dari haliwezi kubeba, angenisikiliza. Lakini nilikuwa nimesimama upande wa mbele, kwenye harufu ya mninga mpya na maranda, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi miwili pua yangu ilikuwa imepumzika. Niliona nitakaa hapa nishone na harufu ile isinifikie. "Ndiyo," nilisema. "Kitakuwa kisafi zaidi." Masanja aliniangalia kidogo, akarudisha misumari mdomoni. Alifanya kazi siku mbili zaidi bila kunisemesha. Siku ya mwisho, akikusanya vyombo vyake, alisema akiwa amenipa kisogo: "Nimejenga mazizi ya ndama yenye hewa kuliko hapa." Baadaye nilikuta ametoboa matundu manne kwa keekee, chini kabisa ya ukuta, usawa wa mto wa Mayu, mahali ambapo upande wa mbele palifichwa na kitanda. Hakumwambia mtu. Nami sikumwambia mtu.

Chumba kikaanza kazi. Mbele tulitandika shuka jeupe lenye maua ya kudarizi kwenye pindo, foronya zilizopigwa pasi ya mkaa, chandarua kilichofungwa fundo kubwa kama kilemba, vitambaa vya kufuma juu ya kila kitu kinachoweza kubeba kitambaa. Wageni walisifu. Wa kwanza alikuwa mkaguzi aliyekata kucha za miguu kitandani na kuziacha kwenye kitambaa cha meza, zimepangwa kama mbegu. Wa pili alikuwa mnunuzi wa dhahabu kutoka upande wa Geita, mtu wa meno mazuri, aliyefungua vijikaratasi vyake vya dhahabu juu ya meza ya cherehani na kutema makohozi ukutani nyuma ya kitanda, siku mbili mfululizo, palepale, hadi mninga ukaota doa. Mimi ndiye niliyekwangua. Wa tatu sitaki kumsema. Waliondoka wakiwa wameshiba, Felista akakusanya shuka kwa ncha za vidole, na Mathias akasema huyu naye hatatusahau.

Nyuma ya mbao ilikuwa kama hivi. Dirisha dogo lilifungwa kila palipokuwa na mgeni, kwa sababu njia ya kwenda chooni ilipita chini yake. Jua la mchana lilichoma bati na bati likachoma dari, na upande ule ukawa kama chungu kilichofunikwa. Tulifukiza ubani. Tuliweka naftalini kwenye kabati, kwenye droo, chini ya godoro, na harufu zote tatu, ya ubani, ya naftalini na ya kidonda, zilichanganyika na kuwa kitu kimoja ambacho hata sasa nikikutana nacho kwenye nguo za zamani sokoni huwa natafuta mahali pa kushika. Kabla mgeni hajaingia, Felista alifungua mlango wa uani na kusema, "Mayu, kuna mgeni." Basi yule mama aliitikia kwa kichwa, akachukua pindo la khanga yake na kulitia mdomoni kuzuia kikohozi. Mtu mzima, mzaa watu, ameng'ata kitambaa. Nililiona hilo miezi mitano. Felista hakuwa na roho mbaya; alimpikia uji wa ulezi, alimchana nywele. Lakini alikuwa amekubali, kama nilivyokubali mimi, na jambo ukishalikubali unaona linataka kufagiwa na kutandikwa kama kazi nyingine yoyote.

Kisha akaja Bwana Afisa kutoka Shinyanga, ambaye Mathias alikuwa amemngojea mwaka mzima. Alikaa siku tatu. Mwaka ule sukari ilikuwa ya kutafuta na mchele ulikuwa wa sikukuu, lakini siku tatu zile palipikwa wali, kuku wa kukaanga, maandazi, chai ya maziwa yenye tangawizi. Bwana Afisa alikuwa mnene, mpole, mwenye sauti ya mtu asiyewahi kukatizwa. Alikula akifumba macho. Siku ya pili, saa tisa alasiri, alikuwa amejilaza chumbani baada ya chakula na Mathias amekaa kwenye kiti kando yake, wanaongea habari za nafasi zinazotoka. Mimi nilikuwa nyuma ya mbao kwa sababu bandeji ya Mayu ilikuwa imelowa tangu asubuhi na sikuweza kuendelea kuiacha. Nilikuwa nimepiga magoti, beseni mapajani, sithubutu kukamua kitambaa maji yasije yakalia. Kupitia matundu ya Masanja nilimsikia Bwana Afisa akicheua.

Mayu alikohoa. Alikuwa na khanga mdomoni, lakini kikohozi kilimpita, kizito, mara tatu.

"Ndugu Mathias," akasema Bwana Afisa, "nani anakohoa?"

"Ni mbuzi, mzee," Mathias alijibu. Hakusita hata kidogo. "Tuna mbuzi mmoja anaumwa, amefungwa hapo nyuma."

"Mbuzi."

"Mbuzi jike, mzee. Amezeeka."

"Sasa unamwacha aumwe mpaka afe?" Bwana Afisa alicheka taratibu, na kitanda changu cha mninga kikalia chini yake. "Mchinje tumle kabla hajaharibika."

"Kesho, mzee," alisema Mathias, naye akacheka.

Mayu hakujua Kiswahili kingi, lakini mbuzi kwa Kisukuma na mbuzi kwa Kiswahili ni ndugu, na kicheko hakihitaji mkalimani. Nilimtazama. Alikuwa ametoa khanga mdomoni na ameikunja vizuri juu ya kifua. Hakulia. Alinyoosha mguu wake kuelekea kwangu, kuniashiria nimalize kazi, na safari hii hakugeukia ukutani wala hakunisimulia ng'ombe. Alinitazama usoni wakati wote nikifunga. Sijui aliona nini. Najua mimi nilichoona: kidonda kile, kwa mara ya kwanza, hakikunitia kinyaa chochote. Kilikuwa ngozi na usaha na maji ya chumvi. Kichefuchefu chote nilichokuwa nacho kilikuwa kimehamia upande wa pili wa mbao, na nusu yake ilikuwa imebaki upande huu, kwangu, kwenye mikono iliyochora.

Kesho yake walichinja mbuzi kweli. Mathias alimnunua kwa jirani, akamchinjia uani mahali ambapo mgeni angeona, ili neno lake liwe na damu. Walikula ubavu wa kuchoma mchana. Bwana Afisa aliulizia kama ndiye yule mgonjwa, akaambiwa ndiye, akasema kwa mgonjwa ana nyama laini. Felista alipakua ini kwenye kibakuli cha bati, akanipa nimpelekee Mayu. Nadhani kwa akili yake alikuwa anamheshimu. Niliingia kwa mlango wa uani, nikaweka kibakuli kwenye kigoda. Mayu alikitazama.

"Ni yule mbuzi?" aliuliza.

"Ndiyo, Mayu."

"Ondoa. Siwezi kujila mwenyewe." Alisema kwa utulivu, kama mtu anayekataa chumvi. Halafu akasema, "Nipeleke kwa Kabula." Kabula alikuwa binti yake, aliyebaki Samuye.

"Lini, Mayu?"

"Lori si linaondoka leo?"

Lilikuwa linaondoka. Nilifunga nguo zake kwenye khanga moja na zangu kwenye nyingine. Dada alinikuta nakunja blanketi, akasimama mlangoni. Nilimwambia nampeleka mama kwa Kabula. Alisema, "Subiri basi mgeni aondoke, kesho tu." Nikamjibu kwamba mimi nimeshasubiri miezi mitano. Alitazama mikono yake. Ilikuwa inang'aa mafuta ya mbuzi. Kisha alienda jikoni na kurudi na chupa ya maziwa na bandeji zote zilizokuwa ndani, akaniwekea kwenye kikapu, lakini hakutusindikiza.

Uani palikuwa na lango dogo la nyuma. Nilielekea huko, lakini Mayu alinivuta mkono kuelekea mbele. Tulizunguka nyumba polepole, yeye akiegemea bega langu na fimbo ya mhogo, tukatokea barazani walikokaa Mathias na Bwana Afisa, miguu imenyooshwa, kijiti cha meno mdomoni. Mathias alisimama nusu, akakaa tena. Bwana Afisa alikuwa mtu wa adabu. Alipomwona mama mtu mzima alitoa kijiti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba," alijibu Mayu kwa Kiswahili.

"Mnatoka wapi na jua hili?"

Mayu alinitazama nijibu mimi. "Tunatoka ndani," nilisema. "Huyu ni mama yake na shemeji. Alikuwa amelala nyuma ya kabati lako, ndiye aliyekuwa anakohoa."

Nilingoja. Kwa miaka mingi nimejiuliza nilikuwa nangoja nini. Labda asimame, labda amgeukie Mathias amwambie neno moja la mtu mzima. Mathias alikuwa anatazama sakafu, masikio yamemwiva. Bwana Afisa alimtazama yeye, akamtazama Mayu, akautazama mguu wenye bandeji. Uso wake haukubadilika sana. Alionekana kama mtu aliyeambiwa kuwa mvua ilinyesha mahali pengine. "Aa," alisema. "Pole sana, mama. Safari njema." Akarudisha kijiti mdomoni. Tulipofika barabarani nilimsikia akiuliza kama supu ya kichwa imebaki. Uongo wa Mathias naweza kuueleza, maana ulikuwa uongo wa mtu mwenye hofu. Ila yule mwingine, aliyeujua ukweli na tumbo lake lisistuke, ndiye aliyenifanya nitapike kando ya lori, mbele ya watu, hadi dereva akadhani nina mimba.

Tulipitia Kahama, tukalala kwenye marobota ya pamba, na kesho yake tukashushwa Samuye kabla lori halijafika Shinyanga. Kabula alikuwa na nyumba ya msonge ya chumba kimoja. Humo alilala yeye na wanawe wanne, humo walilala ndama wachanga mvua ikinyesha, humo alilala mgeni yeyote aliyefika jua likizama, na humo, karibu na mlango penye hewa, tukamlaza Mayu. Nilikuwa nimesomea uso na mgongo wa chumba, na hapa palikuwa na duara tu. Siku ya kwanza Kabula alifungua bandeji, akakunja pua na kusema kwa sauti, wageni wamekaa, "Mayu, leo unanuka kama fisi." Mayu alicheka hadi akashika mbavu. Nilikuwa sijawahi kumsikia akicheka. Wakamwosha kwa maji ya mwarobaini, na majirani waliokuja kumwona walikaa kwenye ukingo wa kitanda chake, wakala michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, kutoka kwenye ungo uliowekwa mapajani mwake, wakatoka na kuingia. Harufu ilikuwepo. Ilikuwepo kama moshi unavyokuwepo. Nilirudi kula kwa mkono bila kujua ni siku gani niliyoacha kijiko.

Nilikaa naye miezi sita. Barua ya chuo ilifika, nikaomba kuchelewa, wakanikubalia. Kidonda hakikupona, lakini kikohozi kilipungua, na jioni alijikokota hadi nje kuwatazama ng'ombe wakirudi, akiwataja kwa rangi zao. Alifariki kiangazi kilichofuata kilipoanza, mchana, watu sita wakiwa wamekaa ndani na mmoja wao katikati ya hadithi.

Mathias alikuja kuzika. Alikuwa ameshapata ile nafasi ya Shinyanga. Alikuja kwa gari la ofisi pamoja na watu watatu wa huko, amevaa suti, na kaburini alilia kwa sauti kubwa mpaka wakamshika kwapani. Mazishi yalipokwisha na watu wakawa wananawa mikono, alinifuata nyuma ya zizi, mahali ambapo hakuna mtu. Macho yake yalikuwa mekundu kweli. Sikuwa nimezungumza naye tangu siku ile ya barazani.

"Shemeji," alisema, "mama alisema nini juu yangu?"

"Hakusema kitu."

"Miezi sita yote, hata neno moja?"

"Hata jina lako hakulitaja."

Alishusha pumzi ndefu, kama mtu aliyetua gunia. Alitoa leso, akafuta uso na shingo. "Basi alinisamehe," alisema. "Mama alikuwa na moyo mkubwa." Aliikunja leso vizuri, akairudisha mfukoni, akaangalia upande walikokaa watu wake wa ofisini, na kuniuliza kama wale wageni wameshapata chakula.

Nilimwambia akamwulize Kabula. Akaenda. Kuna kitu ambacho sikumwambia. Mara mbili, kwenye ile miezi, nilimwuliza Mayu kama nimwandikie mwanawe barua. Mara ya kwanza alijifanya hakusikia. Mara ya pili aliniuliza, "Mwana yupi?" Nikamjibu, "Mathias, Mayu, wa Ushirombo." Alifikiri kidogo, akitazama ng'ombe. "Mimi nina Kabula," alisema. "Na wewe, ukitaka." Hilo sikumwambia shemeji yangu siku ile, wala siku nyingine yoyote katika uhai wake. Wala si kwa huruma. Nilikuwa nimechoka kumtazama.